Maswali ya Wasomaji: Bridha inalowesha tabo oili, niikate niishushe chini?

SWALI: Niaje Fundi. Niko na lori ya tani saba, dizeli ya tabo (ile inasukumia injini hewa), nabeba nayo mchanga kutoka Kajiado naleta kwa saiti za Syokimau na Kitengela. Juzi ile hozi inatoka kwa tabo kwenda kwa rejeta ya kupoza hewa ilichomoka tukiwa na mzigo, lori ikakosa nguvu kabisa, moshi mweusi, tanboi kushuka akapata hozi imelowa oili ndani na nje. Fundi wangu wa Industrial Area anasema makosa ni ya ile bridha, mpira wa injini kupumulia, inatoka kwa tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) na kuingia kwa paipu ya ea klina. Anataka kuikata, ashushe mpira mrefu mpaka chini ya chesisi imwage huko nje, na ile shimo inabaki kwa paipu aweke kitambaa na klipu. Ati lori zote za zamani zilikuwa hivyo. Nikubali ama niwache? Ovahoo sa hii siwezi, bado nalipa loni. – Mwenye lori, Embakasi

JIBU: Ndugu yangu, mwambie aweke kisu chini kwanza. Sisemi fundi wako hajui kazi, hapo kwa lori za zamani amesema kweli. Lakini hiyo ya kitambaa na klipu nakuomba sana usikubali, na nitaanza nayo kwa sababu ndiyo inaweza kukumalizia injini hata kama mengine yote yamefanywa sawa.

Hiyo shimo iko baada ya filta ya hewa. Chochote kinachopita hapo kinaenda moja kwa moja kwa tabo na kwa silinda bila kuchujwa. Sasa we unabeba mchanga, barabara ya kuingia kule machimboni ni vumbi tupu, na tabo inavuta hewa kwa nguvu. Kitambaa kitalowa, kitasinyaa, siku moja kitavutwa ndani ama kitaanza kupitisha vumbi polepole na hutajua mpaka ringi za pistoni zimekwisha na mapanga ya tabo yameliwa. Yani utatoa bridha ndio uokoe tabo halafu uue vyote viwili. Kama hiyo shimo itazibwa, izibwe na kifuniko cha mpira mzito ama cha chuma chenye saizi yake, kikazwe, na ukipitie kila ukifungua ea klina.

Turudi kwa oili yenyewe. Kila injini, hata ile imetoka kiwandani leo, inapitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni kila mara moto unapowaka. Hiyo gesi inashuka kwa tumbo la injini, pale kranki inazunguka, inachanganyika na ukungu wa oili, masizi na mvuke wa maji, na lazima ipate njia ya kutoka. Zamani njia ilikuwa bomba tu linaangalia chini. Baadaye wakaanza kuirudisha kwa hewa inayovutwa ili ichomeke tena ndani. Kwa dizeli kubwa za tabo walichelewa sana kufanya hivyo, Marekani kwa mfano sheria ilikuwa inaziachilia mpaka injini za mwaka 2007, na sababu ilikuwa hiyo hiyo fundi wako anakwambia, kwamba oili itachafua tabo na rejeta ya hewa. Kwa hivyo hofu yake si ya bure. Ila waliporudisha hiyo gesi ndani hawakuunganisha mpira tu wakaenda nyumbani, waliweka kitu cha kutenganisha oili na hewa. Ile Cummins ya lita 6.7 ya pikapu za Ram iko na filta yake juu ya tapeti kava na inafaa kubadilishwa kila maili 67,500, hiyo ni kama kilomita 108,000. Injini zingine za malori ya Ulaya ziko na separeta inayozunguka kwa kasi inarusha oili kando. Na kwa nyingi kuna ngozi ya mpira ndani, diaframu, inayozuia tabo isivute tumbo la injini kupita kiasi, pamoja na njia ndogo ya kurudisha oili kwa sampu, lile karai la oili chini ya injini.

Unaona sasa nafika wapi. Utando mwembamba wa oili ndani ya hizo paipu ni kawaida. Oili ya kulowesha hozi mpaka inachomoka si kawaida, kuna kitu kimeharibika, na ukishusha mpira chini ya chesisi umefanya funika kombe mwanaharamu apite. Kile kitu bado kiko pale pale kinaendelea kuharibika, tofauti ni sasa hukioni.

Anza na kazi ya nusu saa haina gharama. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua ile paipu ya kutoka ea klina kwenda kwa tabo, chukua tochi na kitambaa cheupe upanguse ndani. Kama ni kavu mpaka pale bridha inaingia halafu kuanzia hapo ni oili, basi ni bridha kweli. Kama iko kavu yote mpaka mdomo wa tabo na oili inaanza upande wa pili, bridha haina makosa, ni sili za tabo ama ile paipu ya kurudisha oili ya tabo kwa sampu imeziba. Hapo hapo shika shafti ya tabo uitikise. Ikicheza mpaka mapanga yanagusa ukuta, hiyo tabo imekwisha na utakata bridha bure.

Tuseme ni bridha. Angalia filta ya hewa, na kwa kazi yako ya mchanga hapa ndio mimi ningeweka pesa yangu ya kwanza. Filta ikijaa vumbi tabo inanyimwa hewa, inavuta zaidi, na mahali rahisi pa kuvuta ni kwa bridha, sasa inakuja na oili. Halafu pima oili lori ikiwa mahali tambarare, umeizima umeiacha itulie dakika kadhaa, si pale tu umetoka barabarani. Madereva wengi hujaza kupita alama wakidhani wanaisaidia injini, kumbe kranki inaipiga oili inakuwa povu na povu linapanda kwa bridha. Kisha fungua hiyo tapeti kava ama separeta, uangalie kama diaframu imepasuka na kama njia ya kurudisha oili imezibwa na tope jeusi. Diaframu iliyopasuka peke yake inaweza kukuletea hii shida yote na moshi wa buluu juu yake, na ni spea ndogo, Kirinyaga Road utazunguka uipate kabla ya saa sita.

Kama hayo yote yako sawa, pima presha ya tumbo la injini. Usiamini sana ile ya kufungua kifuniko cha oili na kuona kama kinaruka, inakuonyesha tu kama hali imekuwa mbaya sana. Tafuta mpira wa plastiki unaoonekana ndani, mita tatu hivi, ufunge kwa ubao umekunjwa kama herufi U, tia maji mpaka katikati, ncha moja uunganishe kwa shimo la dipstiki vizuri isivuje, ncha ingine iache wazi. Washa injini, tazama maji. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni karibu kilopaskali moja. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kiko kwa kitabu cha injini yako, fundi akitafute, usichukue namba ya mtaani.

Na hapa kuna kitu mafundi wengi husahau: kompresa ya breki. Inapakwa oili na injini hiyo hiyo, na ringi zake zikiisha inapuliza hewa ndani ya kranki mchana kutwa, kila mtu anasema injini imechoka, ovahoo, ovahoo. Kwa hivyo toa hewa yote kwa mitungi (weka mawe kwa magurudumu kwanza, tafadhali), washa, soma maji wakati kompresa inajaza. Ikishajaa na kukata, soma tena. Tofauti ya maji ikipungua sana baada ya kukata, mwizi wako ni kompresa, na kompresa si bei ya ovahoo. Nimeona mtu akikaribia kuuza lori kwa bei ya hasara juu ya hiyo.

Kama presha ni kubwa na kompresa ni nzima, basi ringi zimechoka na lazima nikwambie wazi ndugu yangu, kuna hatari ya injini kuanza kujilisha oili yake. Ikifika hapo unazima ufunguo na haizimiki, inapanda mizunguko peke yake mpaka ivunjike. Mwambie dereva mapema: injini ikikimbia hivyo aweke gia kubwa, akanyage breki kabisa aachilie klachi ndio izimike, ama azibe mdomo wa hewa na ubao mgumu, asithubutu kuweka mkono. Kwa injini ya namna hiyo, kutoa bridha kwa tabo kwa muda ni jambo naweza kulielewa, wakati unatafuta pesa.

Lakini njia ninayoipenda ni kuweka mtungi wa kunasa oili katikati. Bridha inaingia kwa mtungi wenye filta ya nyuzi ndani, oili inabaki chini, hewa inaendelea kwa paipu ya ea klina kama kawaida. Ununue wa kufaa dizeli ya saizi yako, si ule mdogo wa magari ya vijana ya petroli, utaziba. Njia za kuingia na kutoka zisiwe nyembamba kuliko bridha ya kwanza. Mipira iwe ya kustahimili oili, ile ya kompresa ya kupuliza tairi ama ya maji ya bustani italainika ijikunje. Isiwe na mahali imeshuka halafu ikapanda tena, maji yatakaa hapo. Fungua valvu ya chini kila wiki mwanzoni mpaka ujue inajaa kwa kasi gani, na kile kinachotoka usirudishe kwa injini, kiko na maji na asidi, wala usimwage kwa mtaro, weka na oili chafu ingine.

Ukiamua kushusha nje na umekataa kunisikia, basi angalau mpitie huo mtungi kwanza, mpira ushuke bila kukunjika, ukae mbali na egzosi na tabo na feni, na ncha yake isiwe chini sana. Mvua ile ya Aprili 2024 mlivyoona barabara zikigeuka mito, injini ikizima ndani ya maji inapoa inavuta, na ncha ikiwa ndani ya maji inavuta maji. Na fikiria watu wa boda. Tone tone ya oili pale raundabauti lori zinaposimama, mvua ya kwanza ikinyesha, mtu na abiria wake wanalala chini. Hiyo si oili yako tu tena. Kuna pia kukaguliwa na NTSA, wale wa usalama barabarani, kila mwaka na kanuni za hewa ambazo NEMA, wale wa mazingira, inasimamia, lori inayotoa moshi chini ya kabini na kudondosha oili ni ya kujitafutia maneno. Na huo moshi unaingia kwa kabini kwa dereva wako. Moshi wa dizeli ulishatajwa 2012 na kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kuwa unasababisha saratani, usimkalishe nao siku nzima.

Kwa sasa, osha rejeta ya hewa na paipu zake oili itoke yote, badilisha hiyo hozi iliyolainika, na filta mpya. Ukipata majibu ya ile U ya maji niandikie tena.

SWALI: Fundi, si ni rahisi kuziba bridha kabisa, pande zote mbili, oili isitoke? – Dereva, Mlolongo

JIBU: Hapana, hapana kabisa. Presha itatafuta mlango: itasukuma sili za kranki mbele na nyuma, itarusha dipstiki, itazuia oili ya tabo kurudi chini halafu tabo imwage kwa egzosi. Kama umeshaziba, fungua leo kabla lori itoke.

SWALI: Tangu Juni napata uji mweupe chini ya kifuniko cha oili na kwa mpira wa bridha. Fundi anasema ni hedi gasketi imeungua, maji yanaingia kwa oili. Maji ya rejeta hayapungui. – Mama Kanta, Limuru

JIBU: Mama, usifungue hedi bado. Lita moja ya dizeli ikichomeka inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na sehemu yake inapita kwa ringi. Ukiwa Limuru na baridi ya Juni mpaka Agosti, na hiyo lori yako ya Kanta inatembea safari fupi za sokoni tu, injini haipati joto la kuukausha, unageuka maji na kuchanganyika na oili kwa sehemu za baridi ambazo ni kifuniko na bridha. Chomoa dipstiki. Oili ikiwa na rangi yake ya kawaida huko chini na rejeta haipungui, panguza huo uji, hakikisha thamostati inafunga vizuri injini ipate joto, na mara moja kwa wiki mpe dereva safari ndefu ya lami mpaka Nakuru ama hata Naivasha na kurudi. Dipstiki ikitoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa, hapo sasa muite fundi wa hedi, na lori isiwashwe tena mpaka afike.