Wasomaji Wauliza: Nasaba ya Kiingereza, Daftari la Parokia na Ushahidi wa Vinasaba

SWALI: Mume wangu ni Mwingereza na ukoo wake ni wa Norfolk. Tumemfuatilia babu wa babu yake hadi siku aliyobatizwa mwaka 1826, na hapo tumekwama. Katika safu ya wazazi limeandikwa jina la mama peke yake, na mahali pa kazi ya baba kasisi ameandika kwamba mama huyo hajaolewa. Jina la ukoo wanalotumia hadi leo ni la mama huyo. Mume wangu alipima DNA, na katika orodha ya wanaolingana naye yumo mwanamke tusiyemfahamu, mwenye jina geni kwetu, anayeshiriki naye sentimorgani 74, yaani kipimo cha wingi wa DNA wanayochangia watu wawili. Je, hiyo ndiyo familia ya baba aliyefichwa? — Mama K., Norwich

JIBU: Mama K., swali lako lina mambo mawili ambayo ni vyema tuyatenganishe: karatasi ambazo bado hamjazifungua, na kipimo ambacho mmekifungua mapema mno.

Nianze na karatasi. Tangu tarehe 1 Januari 1813 makasisi wa Kanisa la Uingereza walitakiwa na sheria kujaza fomu zilizopigwa chapa, zenye safu za jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Kwa hiyo pengo mnaloliona mwaka 1826 halikutokana na uvivu wa mwandishi. Kasisi aliulizwa na fomu, naye akajibu. Lakini kanisa halikuwa peke yake lililotaka kumjua baba. Mtoto wa nje ya ndoa angeweza kuwa mzigo kwa parokia, kwa kuwa maskini walitunzwa kwa kodi ya wenye nyumba na mashamba wa parokia hiyohiyo, na watu hao hawakuwa tayari kumlea mtoto wa mwanamume ambaye yupo na ana nguvu za kufanya kazi. Mama aliweza kufikishwa mbele ya mahakimu akaapishwa na kumtaja baba, kisha mwanamume huyo akatia saini hati ya dhamana au akaamriwa kulipa kiasi fulani kila wiki. Utaratibu huo ulibadilishwa sana na sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834, ila mtoto wenu alizaliwa kabla yake.

Hati hizo zilitunzwa ndani ya sanduku la parokia pamoja na madaftari, na zile zilizosalimika sasa ziko katika hifadhi za nyaraka za kaunti. Kwenu ni Norfolk Record Office, hapohapo Norwich. Waombeni wahifadhi wawaonyeshe hati za dhamana, vitabu vya hesabu vya waangalizi wa maskini wa parokia ile, na kumbukumbu za vikao vya mahakimu vya miaka ya 1825 hadi 1827. Mkikuta katika kitabu cha hesabu kwamba mwanamume fulani analipa shilingi kadhaa kila wiki kwa ajili ya mtoto wa mama huyo, mmepata ushahidi mzito kuliko kipimo chochote mlichonacho sasa. Tazameni pia cheti cha ndoa cha mtoto huyo, ikiwa alioa baada ya tarehe 1 Julai 1837, siku ulipoanza usajili wa kiserikali, kwa maana cheti hicho kina nafasi ya jina na kazi ya baba. Wapo waliomtaja baba wa kweli aliyejulikana kijiji kizima, na wapo waliotunga jina ili kuepuka aibu mbele ya kasisi. Basi jina hilo lichukuliwe kama fununu, si kama hukumu.

Sasa sentimorgani 74. Kiasi hicho kinakaribia wastani wa watu wawili walio vilembwe wa bwana na bibi mmoja. Mume wako, kama sote, ana mababu na mabibi kumi na sita wa kiwango hicho, yaani jozi nane, na yule mtoto wa 1826 na mkewe ni jozi moja tu kati ya hizo. Baba mnayemtafuta yuko kizazi kimoja nyuma zaidi. Watu wanaotokana naye kwa mwanamke mwingine wangeshiriki na mume wako kiasi kidogo sana, na wengi wao wasingekuwa na hata kipande kimoja kinachoonekana. Kwa hiyo mwanamke huyo yaelekea ni ndugu wa karibu zaidi ya mnavyodhani, na huenda anapitia upande wa mama wa mume wako. Msiuvamie ukoo wake kwa furaha kabla ya kuona ni nani wengine wanaolingana na wote wawili. Ikiwa mume wako ana shangazi aliye hai, dada wa baba yake, kipimo cha shangazi kitasaidia kuliko cha mume mwenyewe, kwa kuwa yuko hatua moja karibu zaidi na yule baba. Lakini aombwe na aeleweshwe, kwani nchini Uingereza kupima DNA ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2004.

Hata hivyo, ikiwa mume wako anashuka kutoka kwa mtoto yule kwa mstari wa wanaume watupu, anayo tayari alama ya mtu mnayemtafuta. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana karibu bila kubadilika, na jina la ukoo la Kiingereza hufuata njia hiyohiyo. Jina la mume wako limetoka kwa mama wa 1826, ila kromosomu yake Y imetoka kwa yule baba. Akipima Y, na wanaume wenye jina moja la Norfolk wakajitokeza kulingana naye kwa karibu, hapo mtakuwa na jina la kwenda nalo kwenye vitabu vya hesabu. Njia hii hufaa zaidi jina likiwa adimu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester ulikuta kwamba karibu wanaume tisa kati ya kumi wenye jina la Attenborough wana kromosomu Y ya aina moja, ilhali akina Smith hawafanani kuliko watu waliookotwa popote.

Msishangae mkikuta mnyororo umekatika mahali pengine msipopatarajia. Mifupa ya Mfalme Richard III ilipofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama, ililingana na ya ndugu wawili walio hai wa ukoo wa dada yake. Kromosomu Y haikulingana na ya wanaume watano ambao, kwa karatasi, wanachangia naye babu mmoja, Edward III. Na mmoja kati ya watano hao hakulingana hata na wenzake wanne. Hiyo ni nasaba ya kifalme, iliyoandikwa na watu waliolipwa kuiandika! Kuna pia utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ambao naupenda zaidi: wanaume saba kati ya 18 wenye jina moja adimu la Yorkshire walikutwa na kromosomu Y ya tawi linalopatikana Afrika Magharibi. Madaftari yaliwafikisha kwenye koo mbili za miaka ya 1780 na kuishia hapo, bila neno lolote kuhusu mtu aliyetoka Afrika.

SWALI: Katika daftari la parokia moja ya Shropshire, wazazi wa babu yetu walifunga ndoa Mei 1730, lakini mtoto wao wa kwanza alibatizwa Februari 1730. Tumwandike kuwa wa nje ya ndoa? — Msomaji, Birmingham

JIBU: Msimwandike hivyo. Hadi mwaka 1751 Waingereza walihesabu mwaka kuanzia tarehe 25 Machi, na kwa hiyo Februari 1730 ilikuja baada ya Desemba 1730. Kwa hesabu yetu ni Februari 1731, miezi tisa kamili baada ya harusi, jambo lililopendeza wakati ambapo maharusi wengi wa Kiingereza walifika madhabahuni wakiwa tayari wajawazito. Fungueni picha ya ukurasa wenyewe badala ya faharasa: mtaona ubatizo huo umeandikwa chini ya ule wa Novemba na Desemba, na mwaka mpya unaanzia mwishoni mwa Machi. Katika mti wenu andikeni 1730/1, kama wafanyavyo wataalamu. Ukurasa ukiwa umeliwa na unyevu, ulizeni nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Mara nyingi zimesalimika palipoharibika daftari.

SWALI: Kampuni iliyonipima ilisema kwanza nina asilimia 12 ya Norway, kisha ikasahihisha kuwa 3. Ninaweza kusema nina damu ya Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kale kutoka Skandinavia? — Msomaji, Leeds

JIBU: Asilimia hizo ni makadirio yanayotokana na kukulinganisha na kundi la watu wa leo, na kundi likibadilishwa, nazo hubadilika. Utafiti wa mwaka 2015 uliopima watu 2,039 wa Uingereza, ambao mababu na mabibi zao wote wanne walizaliwa maeneo ya karibu, uliweza kutenganisha kaunti jirani za Cornwall na Devon, lakini sehemu kubwa ya Uingereza ya kati na kusini ilibaki kundi moja, na Waviking wa Denmark hawakuonekana kuacha alama ya pekee. Ziweke kando asilimia zako, ufungue orodha ya wanaolingana nawe, uanze na yule wa juu kabisa usiyemfahamu.