Inveta inasoma volti 180: huenda mita ndiyo inayokudanganya

Ndugu uliyeuliza kwa nini inveta yako ya sola, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inasoma volti 180 badala ya 230, ilhali taa zinawaka vizuri na feni inazunguka ingawa inanguruma kidogo, nakuomba usiifungue bado. Miaka kadhaa iliyopita niliifungua ya mteja kwa sababu hiyo hiyo, nikaizungusha ile skrubu ndogo ya kurekebishia volti mpaka mita ikasoma 230 kamili, nikamkabidhi bila wasiwasi wowote. Jioni ile ile televisheni yake ilitoa mlio na moshi. Nilipoikagua nilikuta kapasita kubwa (kihifadhi chaji) ya pawasaplai, yaani sehemu inayoilisha televisheni umeme, iliyoandikwa volti 400, imevimba na kupasuka kichwani. Televisheni niliilipa mimi.

Umeme wa AC hupanda upande wa chanya na kushuka upande wa hasi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo wastani wake kwa mzunguko mzima ni sifuri. Mita za bei ndogo hulikwepa hilo kwa kuigeuza nusu ya hasi iwe chanya, kupima wastani wa kinachopatikana, kisha kuuzidisha kwa 1.11. Namba hiyo ina asili yake: wimbi la saini (sine), lile la mgongo laini la umeme wa gridi, lenye kilele cha volti 325 lina wastani wa takriban 207, na RMS yake, yaani volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) ambazo zingeipasha hita ile ile joto lilelile, ni 230. Gawanya 230 kwa 207 utaiona 1.11. Kwa umeme wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, mita hiyo haina neno, ila haina njia ya kujua kwamba wimbi lililo mbele yake si la saini.

Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi lenye mgongo laini. Volti hupanda ghafla hadi kileleni, hukaa hapo, hushuka hadi sifuri na kutulia, kisha hufanya vivyo hivyo upande wa hasi. Tuchukue kilele cha 325, na kwamba nusu ya muda volti iko kileleni na nusu iko sifuri. Ili kupata RMS, zidisha 325 kwa 325, chukua nusu ya jibu, kisha tafuta kipeuo cha pili: ni 230. Wastani ni nusu ya 325, yaani 162.5, na mita yako ikizidisha hapo kwa 1.11 inakuonyesha 180, namba ile ile uliyotuandikia. Skrubu ya inveta ile niliyoiharibia mteja ilikuwa inapandisha kilele chenyewe, si muda wa kukaa kileleni, hivyo 230 ya mita yangu ilikuwa kilele cha takriban 414 na RMS ya 293. Kapasita ya pawasaplai huchajiwa hadi kileleni, wastani hauihusu.

Kama huna mita iliyoandikwa True RMS, yaani inayopima RMS yenyewe hata wimbi lisipokuwa la saini, tafuta balbu mbili za waya za wati 60 za aina moja, moja iwake kwa TANESCO na nyingine kwa inveta, uzitazame pamoja gizani. Waya wa balbu huwaka kwa joto, na joto ndilo RMS yenyewe, kwa hiyo mng'ao ukilingana volti zimelingana. Balbu za LED hazifai kwa kipimo hiki kwa sababu nyingi zina saketi ya ndani inayosawazisha mkondo.

Hata mita ya True RMS ina mtego wake. Nyingi, zikiwa kwenye AC, huiacha nje sehemu ya DC. Chuma changu cha kuchomelea risasi nilikiwekea daiodi moja, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ili kisipate moto sana, na mita ikasoma 125, wakati thamani halisi ni takriban 163. Hapo hupimwa AC, kisha DC, ambayo kwangu ilikuwa 103, kila moja inazidishwa kwa yenyewe, majibu yanajumlishwa, ndipo unatafuta kipeuo cha pili.

Ikiwa balbu ya inveta imefifia waziwazi, au True RMS nayo imesoma 180, basi kweli volti ni ndogo. Na hata hapo anza kwa kupima betri ikiwa na mzigo, yaani vifaa vikiwa vimewashwa, kabla ya kuigusa ile skrubu.