Ukuta wa Dubrovnik usiupande saa tano asubuhi

Mara ya kwanza niliupanda ukuta wa Dubrovnik, mji wa pwani ya Kroatia, saa tano na nusu, mwezi wa Julai, miguuni kandambili, mkononi chupa ya maji iliyobaki robo. Mtoto wa Mombasa mimi, nikajiambia, jua la Ulaya litanifanya nini? Lilinifanya. Kufika nusu ya njia nilikuwa nimejibanza ndani ya kibanda cha mlinzi cha zamani, upana wake kama kabati la nguo, pamoja na mzee mmoja aliyejipepea kwa ramani. Hatukuwa na lugha ya kusemezana. Tulisaidiana kuhema tu.

Kesho yake nilirudi, nikalipa tena. Yuro 35 juu ya yuro 35 (hiyo ilikuwa 2023, na bei imepanda tangu hapo). Roho iliniuma, lakini ile safari ya pili ndiyo iliyonipa haya ninayokwambia.

Ukuta una urefu wa mita 1,940 na umeuzunguka mji mkongwe wote. Utasema kilomita mbili si kitu, na ni kweli, mwendo si tatizo. Tatizo ni ngazi, na mawe meupe yanayokurudishia jua usoni kama bati jipya. Kivuli ni cha kutafuta. Tena njia ni ya upande mmoja, wote mnakwenda kinyume na mwendo wa saa, kwa hiyo ukinaswa nyuma ya kundi la watu hamsini wanaojipiga picha kila hatua tatu, mwendo wao ndio mwendo wako.

Milango ya kupandia ni mitatu. Umati hupandia Pile, lango la magharibi, kwa sababu ndiko mabasi yanakoshusha watu. Wewe ingia Pile lakini usipande. Ifuate barabara ya Stradun hadi mwisho, upandie upande wa Ploče. Si foleni tu utakayoikwepa. Kutoka Ploče unaanza na mpando wa upande wa mlimani, hadi mnara wa Minčeta ambao ndio kilele, ungali na nguvu na jua halijachachamaa. Ukishafika hapo kazi kubwa umeimaliza: unateremka, na upande wa bahari unakuja baadaye na upepo wake. Mimi siku ya kwanza nilianzia Pile, upepo nikaula mwanzoni nisipouhitaji, mpando ukanikuta nimekwisha.

Majira ya joto ukuta hufunguliwa saa mbili asubuhi. Uwe mlangoni kabla ya hapo, au subiri jioni, zikibaki saa mbili hivi kabla hawajafunga. Na kabla ya kuchagua siku, tazama ratiba ya meli za kitalii kwenye bandari ya Gruž. Tangu 2019 kuna makubaliano ya kutozidisha abiria 4,000 wa meli kwa wakati mmoja, lakini watu 4,000 ni wengi kwa mji unaouvuka kwa dakika kumi.

Huko juu wengi hupiga picha bahari. Mimi nakwambia geuka utazame ndani. Vigae vya mapaa vina rangi mbili: vichache vimefifia, vina madoa, na vingi vinang'aa rangi ya machungwa. Hivyo vinavyong'aa viliwekwa baada ya mji kupigwa mabomu katika vita vya Yugoslavia, hasa tarehe 6 Desemba 1991; langoni kuna ramani inayoonyesha nyumba zilizopigwa, na ukiisoma kabla ya kupanda utayaona mapaa kwa jicho jingine. Chini ya Minčeta kuna uwanja wa mpira wa kikapu uliobanwa na ukuta, vijana wanacheza kama hamko.

Lakini madirisha yaache. Mwanamke mmoja alikuwa akianika shuka, karibu kiasi cha kunipa pini ningemwomba. Akaiona simu yangu, akafunga dirisha. Niliona haya, maana adha hiyo naijua: nyanya yangu kule Mji wa Kale wa Mombasa hupigwa picha barazani pake na watu wasiomwamkia.

Tiketi usiitupe, huulizwa tena njiani, na ndiyo hiyo hiyo inayokuingiza Lovrijenac, ngome iliyo juu ya mwamba nje ya Pile. Jingine, ambalo nililijua nimeshalipa mara mbili: Dubrovnik Pass ya siku moja mwaka ule iliuzwa yuro 35 hizo hizo, na ndani yake mlikuwa na ukuta, makumbusho na basi la mji. Uliza bei zote mbili kabla hujatoa pesa.

Maji ni bure. Ukiingia tu Pile utaliona bomba la Onofrio, lililojengwa 1438, linamwaga maji baridi mpaka leo. Jaza chupa mbili. Moja yangu niliimaliza kabla sijafika Minčeta.