Bruda isiyo na kijidudu haimjengei kifaranga kinga

Ndugu uliyeuliza kama kupulizia dawa ndani ya bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) kila siku na kuweka antibayotiki kwenye maji tangu siku ya kwanza kutawapa vifaranga wako kinga kali: hapana, na tafadhali acha mapema. Mimi huchanja kuku wa wafugaji pande za Ruai na Kamulu, na wazo hili nakutana nalo kila mara.

Maabara zilishalijibu. Mwaka 1885 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alidhani mnyama hawezi kuishi bila vijidudu. Miaka kumi baadaye, kule Berlin, watafiti Nuttall na Thierfelder wakamlea simbilisi asiye na bakteria, akaishi. Tangu hapo panya na hata kuku wamelelewa hivyo, hewa ikichujwa na chakula kikiuliwa vijidudu vyote. Wanaishi, ila ukiwapasua panya hao unaona pengo. Viraka vya Peyer, zile tezi za kinga kwenye ukuta wa utumbo, ni vidogo. Tezi za limfu za tumboni zimedumaa, na kingamwili aina ya IgA, zile zinazolinda utando wa utumbo, ni chache mno. Misingi ya tezi hizo iliwekwa kabla panya hajazaliwa; kilichokosekana ni vijidudu vya kuziamsha. Mpe bakteria wa kawaida wa tumboni, na ndani ya wiki chache nyingi zinajaa.

Lakini si kila kitu hurekebika ukichelewa. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba panya waliopata bakteria wangali wachanga walikingika na uvimbe wa mapafu na utumbo, wakati waliowapata ukubwani hawakukingika. Ndiyo maana nakuhimiza kuhusu siku za mwanzo.

Kwa kuku mambo haya unayaona kwa macho. Nikipasua kifaranga aliyekufa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni bursa: kijifuko cha rangi ya krimu kilicho juu ya njia ya kinyesi, upande wa mgongo. Ndani kina mikunjo, na kina mlango unaofunguka kwenye njia hiyo, kwa hiyo chembe za kwenye maranda huingia humo na seli za kinga zikazifahamu. Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, hushambulia hapo hapo. Bursa huvimba, wakati mwingine ikavuja damu, kisha ikasinyaa, na kuku aliyepona hubaki mnyonge mbele ya magonjwa mengine.

Vifaranga wa mashine hawajawahi kumwona mama, hivyo tumbo lao huanza karibu tupu. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland waliwapa vifaranga bakteria kutoka matumbo ya kuku wakubwa wenye afya, na salmonela, bakteria wa ugonjwa, ikakosa nafasi ya kushika. Antibayotiki unayoweka bila ugonjwa inawafukuza walinzi hao hao.

Sisemi ufuge kwenye uchafu. Koksidia (vimelea vya utumbo) na bakteria E. koli wanaua, tena haraka. Osha banda na upulizie dawa kundi likishatoka, acha likauke, weka maranda makavu, osha vyombo vya maji kila siku, na viatu vya wageni vibaki nje.

Na siku ya chanjo inayotolewa kwenye maji ya kunywa, usitie dawa yoyote humo. Hata klorini ya maji ya mfereji wetu hapa Nairobi huua chanjo hai, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Ili kuizima klorini hiyo, koroga kwanza majini maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, subiri kidogo, ndipo utie chanjo.