Moto wa njano kwenye jiko la gesi: usikimbilie kununua regyuleta

Pole sana dada. Umesema jiko lako la plate mbili hapo Sakina, Arusha, linawaka bluu upande wa kulia, ila plate ya kushoto moto ni wa njano na unayumba, masufuria yanashika masizi kama ya kuni, na fundi ameshakwambia regyuleta, kile kifaa cha kwenye kichwa cha mtungi, imekufa. Usitoe hela kwanza.

Regyuleta ni moja na inalisha plate zote mbili. Ingekuwa imekufa, na ya kulia ingesumbua. Mimi nilibadilisha regyuleta mbili ndani ya mwaka mmoja hapa Pasua, Moshi, na masizi yakabaki palepale. Hiyo hela bado inaniuma, ndiyo maana naandika kirefu.

Gesi lazima ichanganyike na hewa kabla ya kufika juu kwenye moto. Ukiinua jiko na kuchungulia chini utaona nozeli, kile kishaba chenye tundu dogo sana, inapulizia gesi ndani ya bomba fupi la bana, yaani sehemu moto unapowakia. Kati ya nozeli na bomba kuna mwanya, na hapo ndipo hewa inapovutwa. Mwanya ukiziba, hewa haitoshi, moto unageuka njano. Kwangu kilichoziba kilikuwa mtori, ile supu nzito ya ndizi. Ulifurika siku moja, nikafuta juu nikaona nimemaliza, kumbe mwingine ulishuka chini ukakaukia kwenye mwanya. Ndani ya bomba nikakuta na utando wa buibui. Wadudu hao wanayapenda sana mabomba haya, hasa kwenye plate isiyotumika mara kwa mara. Je, hiyo ya kushoto ndiyo unayoitumia kidogo?

Zima gesi kwenye regyuleta, jiko lipoe kabisa. Toa kifuniko cha bana na bana yenyewe, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, matundu ya pembeni zibua kwa kijiti cha meno. Ndani ya bomba pitisha waya uliozungushiwa kitambaa mpaka utoke safi. Ila nozeli, nakuomba, usiichokonoe kwa sindano. Tundu lile limetobolewa kwa kipimo. Ukilipanua, gesi itatoka nyingi kuliko hewa inayovutwa na moto wa njano hautaisha mpaka ununue nozeli nyingine. Tumia uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, au ifungue upulize kwa pampu ya baiskeli. Kausha kila kitu vizuri, kisha hakikisha kifuniko kimekaa sawasawa kwenye nafasi yake, kwa sababu kikikaa upande tu moto unayumba. Ukiona vimulimuli vya rangi ya machungwa kwa muda mfupi baada ya maji ya chumvi kumwagika, hivyo usivihangaikie.

Kama umefungua nozeli au umegusa mpira wa gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote ukiwa umefungulia gesi bila kuwasha. Mapovu yakikua, inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango, funga mtungi, na usiguse swichi ya taa.

Kuna aliyekujibu kabla yangu kwamba tatizo ni baridi. Ni kweli Arusha mwezi Juni na Julai mtungi uliokaribia kuisha unaweza kutoa moto mdogo asubuhi, kwa sababu gesi iliyo kama maji ndani ya mtungi haigeuki mvuke haraka kwenye baridi. Lakini hapo plate zote mbili zingelegea. Na jamani, msiuweke mtungi karibu na moto eti upate joto.

Kinachonitia wasiwasi kuliko masufuria ni wewe na watoto. Moto wa njano maana yake gesi haiungui yote, na hapo inazalishwa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu. Harufu tunayoisikia kwenye gesi ya mtungi imewekwa makusudi ili tushtuke. Lakini kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inakuja na kichwa kuuma na usingizi tu. Mpaka utakapoisafisha hiyo plate, pikia ya kulia, na dirisha la jikoni liache wazi hata kama baridi inauma.