Likizo ya Agosti na watoto wanane msituni Karura (gari hatuna)

Dada uliyeuliza utawafanyia nini watoto wawili wiki tatu za likizo ya Agosti, ukiwa ghorofa ya nne, gari huna, na kila kambi ya watoto unayoiona bei yake inakaribia karo ya muhula: mwaka jana nilikuwa papo hapo ulipo. Nitajibu kwa kirefu, maana nilianza kwa kukosea.

Nililipia kambi. Siitaji jina. Tangazo lake lilikuwa na kamba, hema, na mtoto anayepanda mwamba na kofia ngumu kichwani. Siku ya pili kitinda mimba wangu, wa miaka sita, akarudi na kunisimulia filamu ya katuni waliyoonyeshwa ukumbini, mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu akanisimulia nyingine. Nikamuuliza, na lile hema je? Akasema lipo, la kupigiwa picha. Pesa hazikurudi.

Jioni ile nilikuwa koridoni nikimlalamikia jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Naye alikuwa na yake: watatu wake walikuwa wamegeuza ngazi uwanja wa mpira na msimamizi wa ploti ameshamwonya mara mbili. Baba mmoja wa ghorofa ya chini, mtu wa bodaboda, akapita akatusikia. Tukakubaliana tukiwa tumesimama vile vile: Jumanne na Alhamisi, watu wazima wawili kwa zamu, watoto wote kwa pamoja. Wangu wawili, wa jirani watatu, wa baba bodaboda wawili, halafu wa nane akawa mpwa wangu.

Huyu mpwa ana miaka kumi na anaishi Marekani. Kwao ni kiangazi, shule zimefungwa tangu Juni, basi dada yangu akamleta huku kwa shangazi na mama wadogo. Alishuka uwanja wa ndege na kaptura. Kaptura! Nairobi, Agosti, mawingu yamekaa juu ya paa tangu asubuhi na yale manyunyu ambayo hayalowanishi nguo ila huingia mifupani. Siku ya kwanza tulimnunulia boshori na gambuti hata kabla hajafungua sanduku. Nakueleza hili kwa sababu watu wengi hapa husubiri jua ndipo wawatoe watoto. Agosti ukisubiri jua utasubiri hadi shule zifunguliwe. Mara nyingi linachungulia saa sita hivi, saa nyingine halichungulii. Toka tu.

Tulichagua Karura, ule msitu ulio ndani ya Nairobi, na ushauri wangu wote, kama huna muda wa kusoma zaidi, ni huu: chagueni mahali pamoja mrudi, mrudi, mrudi. Mimi mwanzoni nilikuwa na orodha ya sehemu tisa. Jirani ndiye aliyeikata, na sababu yake ilikuwa nauli tu, lakini alikuwa amegonga ndipo. Siku ya kwanza watoto walitembea nusu saa wakaanza, “Sasa tufanye nini?” Wakubwa wakataka simu. Nilidhani tumeshindwa. Siku ya nne walikuwa wameupa msitu majina yao. Palikuwa na Kwa Nyoka, ambako hatujawahi kuona nyoka. Palikuwa na Hotelini, ni gogo tu tulilozoea kulia chakula. Na palikuwa na Bandarini.

Bandarini ni kidaraja cha miguu. Watoto waligundua kwamba maganda ya mkalitusi yaliyodondoka, yale marefu yanayojikunja yenyewe yakikauka, ni mashua tayari. Unachomeka jani kuwa tanga, basi. Wanaangusha upande mmoja wa daraja, wanakimbilia upande wa pili, wanalala kifudifudi vichwa vimening'inia kungoja ya nani itatokea kwanza. Nilipima siku moja: saa moja na dakika ishirini mchezo huo huo, watoto wanane, hakuna aliyelia. Kifungua mimba wangu, ambaye ana miaka kumi na mbili na nyumbani hawezi kumaliza sentensi na mdogo wake bila ugomvi, alikuwa akimfundisha kukunja ganda lisije likapinduka. Mpwa wangu akaanza kuandika matokeo kwenye daftari kama ligi. Sharti letu lilikuwa moja: mtoni haingii mtu. Mito ya jiji hili inapita kwenye makazi mengi kabla ya kufika hapo, na siiamini hata ikionekana safi.

Sasa mambo ya kawaida. Sisi tunatoka mtaa wa Umoja, Eastlands: matatu hadi mjini, halafu namba 100 ya Kiambu, tunashuka lango la Kiambu Road, upande uliko makao makuu ya Kenya Forest Service, shirika la misitu. Ukiwa upande wa Westlands, matatu za Ruaka na Banana zinapita Limuru Road na huko kuna lango jingine. Kiingilio hulipwa kwa simu, basi hakikisha simu ina chaji na salio kabla hujapanga watoto foleni. Beba kitambulisho, maana bei ya mwananchi si ya mgeni. Mpwa wangu mwenye pasipoti ya Marekani alitulipisha zaidi ya wenzake, na hao wenzake walimtania siku nzima kwamba yeye ni mtalii. Chupa za plastiki za kutupa usibebe. Tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga, na sisi siku ya kwanza tulizimwaga langoni zote. Flaski ya chai, chupa za shule, mayai ya kuchemsha, nduma, chapati zilizokunjwa kwenye taulo. Mandazi usipeleke; watoto wanayamaliza kwenye matatu.

Na ukae macho kwa kima. Hao wa rangi ya kijivu wanajua sauti ya mfuko ukifunguliwa. Mbega, wale weusi wenye mkia mrefu mweupe, wenyewe hukaa juu kabisa na hawana shida na mtu. Tuliwaona mara mbili tu.

Siafu ndio walionitoa jasho. Siku ya tatu, mvua ilikuwa imenyesha usiku, tumesimama njiani tunahesabu watoto. Binti wa jirani, miaka saba, akaanza kupiga mguu chini. Nikamwambia atulie. Akapiga tena. Nikatazama chini: ule mstari mweusi unaong'aa, mpana kama mshipi, na yeye amesimama katikati yake na gambuti. Wameshapanda, wameshaingia ndani. Mama yake akamnyanyua juu juu, akamvua gambuti, soksi, suruali, yote, pale pale njiani, watu wanakimbia mazoezi wakipita, na tukawa tunawang'oa mmoja mmoja mapajani. Siafu akishauma kichwa hakiachii, unamvuta mwili unabaki na mwili. Mtoto alilia dakika tano. Dakika ya sita alikuwa anawaonyesha wenzake alama na kuzihesabu: kumi na nne. Tangu siku hiyo tunachomeka suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya gambuti, na hatusimami kuhesabu watoto bila kutazama chini kwanza.

Kuhesabu kwenyewe tulijifunza kwa hofu. Tuliwapanga wawili wawili, mkubwa na mdogo, na kila jozi inawajibika kwa mwenzake. Lakini Alhamisi ya wiki ya pili jozi moja ilibaki nyuma kutazama kipepeo, sisi tukakata kona, wao wakafuata njia nyingine. Bahati ni kwamba makutano ya njia za Karura yana nguzo zenye namba, na asubuhi ile ile baba bodaboda alikuwa amewaambia, ukipotea nenda kwenye nguzo ya karibu ukae hapo, usitembee tena hata ukisikia tunakuita. Namba yangu ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu mkononi mwa kila mtoto. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia aliwakuta wameketi chini ya nguzo, akapiga simu akanisomea namba. Kwa kutazama saa, zilikuwa dakika kumi na mbili. Kwangu ilikuwa nusu siku. Wenyewe walikuwa wanakula chapati.

Kuna siku watoto waliuliza msitu huu ni wa nani. Tulikuwa tumetoka kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na mtoto wa baba bodaboda alitaka kujua kwa nini hakuna aliyejenga magorofa hapa ilhali kwetu kila kipande kimejengwa. Nikawaambia walijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa watu wenye mkono mrefu, na Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akaja na miche na wenzake kuipanda humu humu. Januari 1999 alipigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Yule mtoto akauliza, “Alipigwa kwa kupanda mti?” Nikasema ndiyo. Akatazama mti uliokuwa mbele yake muda mrefu kidogo, kisha akauliza kama chai imebaki. Sikuongeza neno, na nadhani wazazi huwa tunaongeza neno mahali ambapo pangetosha.

Sehemu nyingine tulizokwenda ni chache, nazitaja haraka. Arboretamu, ile bustani ya miti, ni nzuri kwa wadogo na iko karibu na mji, unaweza kutembea kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Jumapili inajaa makanisa na mikutano ya familia, nenda siku ya kazi. City Park ina kima wengi kupita kiasi, na kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa 1965, liko huko ukitaka kuwasimulia wakubwa. Lang'ata kwenye twiga, mpwa wangu alilambwa mkono na ule ulimi mweusi, akakataa kunawa hadi ampigie mama yake video.

Vilima vya Ngong, matatu 111, tulikwenda na watano wakubwa tu. Sikushauri Agosti. Kupanda na kushuka kwenyewe si kugumu kwa mtoto wa miaka tisa kwenda juu, ila upepo ule haukusamehi, na ukungu ulifunga hivi kwamba Bonde la Ufa tulilofuata hatukuliona hata kidogo. Tulisikia mitambo ya upepo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ikizunguka juu yetu bila kuiona, vuu, vuu, vuu, na watoto walipenda hilo kuliko walivyoipenda ile mandhari niliyowaahidi. Kilima cha pili tukageuka. Nendeni Januari, na mwulize langoni kuhusu askari wa kuwasindikiza, msipande peke yenu.

Umeuliza pia kuhusu gharama. Ukijumlisha nauli, viingilio na gambuti za mitumba za soko la Gikomba, familia yangu ilitumia wiki tatu nzima pungufu ya nusu ya nilichopoteza kwenye ile kambi ya siku tano. Kilichokuwa kigumu si pesa, ni watu wazima. Mara mbili mwenzangu wa zamu alipata kazi ya ghafla na nikaahirisha, watoto wakaninunia. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane sithubutu. Tafuta familia mbili kabla hujatafuta mahali.

Kama uko Eastlands na huna wa kuanza naye, sisi mwaka huu tunaanza Jumanne ya kwanza shule zikifungwa. Saa tatu asubuhi, lango la Kiambu Road. Watoto wako wavae soksi ndefu. Njoo na mayai, chai tunayo.