Maswali yenu: Ukubwa wa gari si haki ya kupita

Safu iliyopita ilimhusu muuza madafu niliyemwona akisukumwa mtaroni na daladala kwenye Barabara ya Mandela. Mwenyewe alinusurika, lakini madafu yalibiringika lami nzima na magari yakayapasua moja baada ya jingine, hakuna aliyesimama. Tangu siku hiyo maswali ya baiskeli hayajakatika. Nimechagua haya. Yale ambayo mtu hujibiwa siku ya kwanza ya shule ya udereva nimeyaacha, isipokuwa la kwanza, kwa kuwa linarudi kila mwezi.

Baiskeli hailipi chochote. Kwa nini mimi ninayelipia gari nipunguze mwendo kwa ajili yake? (Dereva, Kimara)

Nalijibu leo kwa mara ya mwisho. Ada ya mwaka ya leseni ya gari unayoidhania ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta. Unalipa kadiri unavyochoma mafuta, na ni sawa iwe hivyo, maana gari ndilo linaloichakaza barabara. Wamarekani walilipima jambo hili Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wakizungusha malori kwenye lami usiku na mchana. Wakaona kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Ndiyo maana malori yanapandishwa kwenye mizani na baiskeli haipandishwi.

Lakini hata ingekuwa kweli kwamba mwenye baiskeli halipi senti, bado swali lako lingekuwa baya. Mtoto wa chekechea anayevuka kwenye pundamilia halipi hata shilingi, na unatakiwa kumsimamia. Haki ya kupita hainunuliwi. Msinitumie tena swali hili.

Niko mdomoni mwa kipilefti, baiskeli imeshaingia ndani. Nani anatangulia? (Bi mmoja wa Sinza)

Baiskeli. Aliyemo ndani anakujia kutoka kulia kwako, na wa kulia ndiye mwenye njia. Kuwa na tairi mbili hakumwondolei haki hiyo.

Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kutoka. Dereva anamkuta mwenye baiskeli anazunguka upande wa nje, anampita, kisha anakata kushoto mbele yake. Mwenye baiskeli hana pa kwenda, anaingia ubavuni mwa gari. Mkiwa ndani ya kipilefti, kaa nyuma yake mpaka atoke yeye au utoke wewe. Ni sekunde chache tu.

Naruhusiwa kupita na baiskeli kwenye njia ya mwendokasi? Ni tupu muda mwingi.

Hapana. Wala bodaboda, wala bajaji, wala gari binafsi lililochoka foleni. Basi refu la mwendokasi lina mita 18 na watu wamesimama humo wameshikana mabega. Dereva akikanyaga breki ya ghafla kwa ajili yako, anaumiza watu ambao hujawahi kuwaona.

Marehemu baba alinifundisha niendeshe baiskeli upande wa kulia ili niyaone magari yanayokuja. Kuna ubaya? (Kijana, Vingunguti)

Upo, mdogo wangu, na mkubwa. Alichokufundisha mzee ni sahihi kwa anayetembea kwa miguu pasipo na njia ya miguu. Kwa baiskeli kinaua.

Piga hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kwenye makazi ya watu. Wewe unakwenda 15. Ukilielekea, mnakaribiana kwa 65, na mita 50 zilizo kati yenu zinaisha chini ya sekunde tatu. Mkienda upande mmoja, linakukaribia kwa 35, na mita hizo hizo zinampa dereva zaidi ya sekunde tano za kukuona, kupunguza na kukuzunguka.

Halafu kuna makutano. Dereva anayetoka uchochoroni kuingia barabara kubwa kwa kukata kushoto anatazama kulia, kwa sababu magari yanatokea huko. Wewe unamtokea kushoto. Hatakutazama, na hana sababu ya kukutarajia. Kama unaogopa usichokiona nyuma, tafuta kioo kidogo cha pikipiki ukifunge kwenye usukani. Changu kiko kwenye Phoenix yangu mwaka wa nne huu, nimebadilisha nati tu.

Lori likiwa limesimama kwenye taa, nikipenya kushoto kwake nikatangulie mbele si niko salama? Limesimama. (Msomaji, Buguruni)

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kabla ya kuandika niliendesha semi miaka tisa, bandarini hadi Tunduma. Ukikaa kwenye kile kiti unaona mbali sana, ila huoni karibu. Chini ya dirisha la kushoto kuna eneo ambalo mtu mzima anaweza kusimama na baiskeli yake na dereva asione hata kofia. Vioo vinasaidia mpaka pale unapoanza kukata kona, kichwa cha lori kikishapinda kioo cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa trela na hakuna kingine. Macho yangu ya upande ule yalikuwa ni utingo.

Asubuhi moja nilikuwa nakata kushoto, taa imewaka kijani, indiketa inafanya kazi, nimetazama vioo vyote. Utingo wangu alikuwa ametoa kichwa nje. Akaupiga mlango kwa kiganja mara mbili, pa pa. Hakusema neno. Nikasimama. Nilipozunguka chini nikamkuta kijana na kreti la mikate kwenye karia, usukani wa baiskeli yake umegusa tairi la mbele la trela, mpira mweusi umeshauchora mshikio. Alikuwa ameganda. Mikate ilikuwa bado ya moto, nilisikia harufu yake. Mpaka leo nikinunua mkate asubuhi ninakikumbuka kile kiganja mlangoni.

Kitu ambacho yule kijana hakukijua, na wewe hukijui, ni kwamba tairi za trela hazipiti zilipopita tairi za kichwa. Zinakata ndani. Kichwa kinaweza kukuachia nafasi ya mita mbili, ukaona umepona, na trela likaja kuimaliza nafasi yote. Lori halihitaji kukufuata, linakubana taratibu kati yake na ukingo.

Kwa hiyo usipenye. Kaa nyuma yake, katikati ya njia, mahali ambapo unauona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona uso wake, naye hakuoni. Na lori likikukuta wewe umetangulia kwenye taa, sogea mbele ya kichwa kabisa, hatua kadhaa, usijibanze kwenye bampa.

Niseme na wenye malori pia. Mmewaondoa utingo ili kuokoa posho ya mtu mmoja, mnamtuma dereva peke yake aingie Kariakoo na kontena la futi 40 mgongoni. London wamefika mahali pa kuyapima malori yanayozidi tani 12 kwa kiasi ambacho dereva anaona kwa macho yake mwenyewe kupitia vioo vya madirisha, na lisilofaa halipewi kibali bila vifaa vya ziada. Walianza kulisimamia hilo Machi 2021. Sisi hatuna kibali hicho, tulikuwa na utingo. Rudisheni utingo.

Kwa nini wenye baiskeli wanakaa barabarani wakati pembeni pana nafasi? (Dereva wa Noah, Goba)

Jumanne nilitoka Tabata Relini kwenda Buguruni nikijitahidi kukaa pembeni muda wote, kama unavyotaka. Kwanza lundo la kokoto. Kisha bodaboda wamepaki wakisubiri abiria. Kisha mfuniko wa mtaro umeibwa nondo zake. Kisha daladala imesimama pasipo kituo. Na baada ya hapo, nyuma yangu, honi: gari dogo linatanua, linanitaka mimi nitoke pembeni ili lipite foleni. Wewe unayetanua asubuhi ndiye huyo huyo unayeuliza jioni kwa nini baiskeli haikai pembeni.

Mwenye baiskeli anayeingia barabarani hajaja kukuchokoza. Amekimbia shimo ambalo wewe, ukiwa juu ya springi nne, hulioni.

Basi nikimpita niache nafasi kiasi gani? (Huyo huyo)

Mita moja na nusu. Wajerumani wameiandika kwenye sheria yao tangu 2020: moja na nusu mjini, mbili nje ya mji. Ukitaka kuijua kwa macho, fungua mlango wa mbele wa gari lako mpaka mwisho, kisha ongeza karibu nusu yake. Mwenye baiskeli atayumba, hilo lichukulie kuwa ni lazima, hasa akiwa na magunia ya mkaa au akiwa mzee. Gari kubwa likipita karibu, upepo wake unamvuta ndani.

Nafasi isipotosha, subiri nyuma. Na usimpigie honi ukiwa begani kwake, anashtuka na kugeukia kule kule uliko. Piga ukiwa mbali, kidogo, mara moja.

Nivuke pundamilia nikiwa juu ya baiskeli?

Shuka, kokota. Ukiikokota wewe ni mtembea kwa miguu, na dereva anawajibika kukusimamia.

Madereva, nanyi: gari la jirani likisimama kwenye pundamilia, simama nalo hata kama huoni mtu. Usiyemwona yuko mbele ya lile gari.

Unawatetea sana. Mimi natembea kwa miguu Sam Nujoma na baiskeli zinatupitia katikati kwa kasi, hata kengele hawapigi. Hilo husemi. (Mama, Mwenge)

Shikamoo mama. Nalisema, na asante kwa kunikumbusha. Kwenye njia ya miguu mwenye baiskeli ndiye mkubwa, na ninachomdai dereva wa lori namdai na yeye. Anayetembea ndiye mwenye njia, awe amezubaa, awe anaongea na simu, awe ameshika mtoto mkono. Penye watu wengi, shuka utembee. Kengele ni ya kumjulisha mtu kwamba upo, haimwamuru akupishe, na ukiipiga huku unamsogelea kwa kasi hujamjulisha kitu.

Najua wengi wamekimbilia huko kwa sababu barabarani wanasukumwa. Nimewaona, nami nimewahi kufanya hivyo. Lakini woga tuliotiwa na magari hatuwezi kuuhamishia kwa bibi aliyetoka sokoni na kikapu.

Taa ni lazima? Mimi nina tochi ya simu.

Ni lazima. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi mwanga kwenye matadigadi. Tochi ya simu uliyoibana mdomoni inaangaza puani kwako tu. Kati ya Chalinze na Morogoro usiku nimewahi kuendesha lori kwa kilomita 80 kwa saa, ni mita 22 kila sekunde, na baiskeli isiyo na taa inatokea kwenye mwanga wako kama imeota kwenye lami. Kama huna hela ya taa wiki hii, funga kitambaa cheupe nyuma na urudi nyumbani kabla ya magharibi.

Gari liligusa karia yangu, nikaanguka. Dereva akanipa elfu kumi akaondoka. Siku ya tatu leo, mkono umevimba na rimu imepinda. Nifanye nini? (Muuza mikate, Mbagala)

Ndugu yangu, pole sana. Kwanza mkono. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na pale ulipoangukia, eleza tukio, omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha nenda hospitali nayo ukapigwe picha ya mfupa. Uvimbe wa siku tatu si wa kusugua mafuta. Ukizidiwa njiani, ingia hospitali kwanza, PF3 itafuata.

Pili, kila gari barabarani linalazimika kuwa na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ndiye wewe. Wengi mnadhani bima ni ya mwenye gari. Bima ndogo ile inayokatwa kwa lazima imewekwa kwa ajili ya anayegongwa. Ukiwa na namba ya gari, bima yake inatafutika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kama hukuishika namba, rudi pale pale saa ile ile, uliza bodaboda wa kijiweni na mama wa chakula, wao huona na hukumbuka.

Elfu kumi uliyopokea usiifiche kwa askari, iseme. Dereva akikutafuta tena na karatasi ya kusaini kwamba mmemalizana, usisaini kabla daktari hajauona mkono.

Na madereva wanaosoma hapa: ukimgusa mtu, unasimama. Ukiona watu wanajaa na unahofia maisha yako, endesha moja kwa moja mpaka kituo cha polisi ukatoe taarifa. Kumtupia mtu noti dirishani ni kukimbia ajali.

Baiskeli nayo usiipeleke kwa fundi bado. Ipige picha pande zote, na rimu usiinyooshe mpaka askari aione.